Insha Niliyomkosoa Mama

Mama alianza kujifunza Kiingereza kwa sababu ya mjukuu ambaye hakuweza kusalimiana naye. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwenda kufanya kazi ya hoteli katika Visiwa vya Cayman, akaoa huko, akapata binti. Kila Jumapili mchana alipiga simu ya video. Mtoto alimtazama nyanya yake, nyanya akamtazama mtoto, wakabaki wanachekeana tu mpaka bando likaisha. Mama alikuwa na Kigusii chote cha dunia, na Kiswahili cha kuuzia ndizi soko la Daraja Mbili. Kiingereza chake kilianzia kwa asante na kuishia hapo hapo. Siku moja simu ilipokatika alinigeukia akasema, "Wewe unafundisha watoto wa watu Kiingereza kila siku. Mimi si mtu?"

Ni kweli nilikuwa nafundisha, na bado nafundisha, katika chuo kidogo kilicho juu ya duka la viatu mjini Kisii. Wanafunzi wangu ni watu wazima wanaojiandaa kwenda ng'ambo: wauguzi, madereva, wasichana wanaokwenda kulea wazee wa wengine huku wa kwao wakilelewa na Mungu. Siku hizi ninapanga chumba kimoja mjini, karibu na soko. Lakini wakati huo nilikuwa nakaa Birongo, kwa Mama, chini kabisa ya shamba, mahali migomba inapokutana na kijito.

Nilifika hapo kutoka Nyansiongo baada ya ndoa yangu kuvunjika. Habari za ndoa hiyo sitazieleza, maana nimezieleza za kutosha kwa watu wasiostahili. Nilirudi na godoro, sanduku na katoni mbili za vitabu. Mama hakuniuliza swali hata moja. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kipande kile cha chini, ambacho alikinunua yeye mwenyewe kutoka kwa jirani kwa bonasi yake ya kuuza chai, miaka kadhaa baada ya baba kufa. Akasema, "Jenga hapa." Nikajenga vyumba viwili vya mabati. Ndugu zangu hawakupinga, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Kwetu, binti akiolewa, shamba lake liko huko alikoolewa. Akiachika akarudi, hana hata jina la kuitwa. Watu husema tu, "Ni yule aliyerudi," na wanalisema mbele yako, wanakupa na mkono. Tukaishi hivyo, Mama juu, mimi chini, na katikati yetu nyumba ya kaka yangu wa pili, yule aliyebaki nyumbani, na mke wake na wavulana wao.

Masomo tulifanya Jumapili baada ya simu. Jumamosi ilikuwa Sabato, na Mama hakushika hata sufuria ya kuosha siku hiyo, ingawa nilimshuku kwamba alifanya mazoezi niliyompa siku hiyo hiyo akisema kuandika si kazi, ni kutulia. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na Biblia ya Kigusii aliisoma kwa kasi kuliko mchungaji. Tulikaa jikoni kwake, daftari juu ya kiti cha mbao, na mimi na kalamu yangu nyekundu. Wakati wa somo aliacha kuniita mwanangu, akaniita Mwalimu, na hakuwa akitania.

Nakiri mapema kwamba mimi ni mwalimu mkali. Wanafunzi wangu wa chuoni wamenipa jina, na si zuri. Nilimfundisha Mama kama nilivyowafundisha wao. Alipokosea nilikata, aliporudia nikakata tena. Niliamini kwamba kumhurumia mwanafunzi ni kumdharau. Mama aliyavumilia yote, akarudi kila Jumapili na penseli iliyochongwa kwa kisu cha jikoni.

Kuna jambo alilonieleza siku za mwanzo ambalo nililisikia kwa sikio moja. Mjomba wake mmoja, wazungu walipokuwa wanaondoka katika mashamba ya Borabu, aliahidiwa kipande na mtu aliyemfanyia kazi kwa miaka mingi. Aliahidiwa kwa mdomo, mbele ya mashahidi wa kutosha. Kisha akaja mwingine na barua ya Kiingereza, na mjomba akafunga mzigo wake. Kipande kile cha kijito nacho, siku Mama anakinunua, makubaliano yaliandikwa kwa Kiingereza na mwalimu wa shule ya msingi, Mama akatia kidole gumba bila kuelewa neno lolote. "Shamba linasikia Kiingereza," aliniambia. "Kigusii linakisikia likitaka." Nilicheka, nikamwambia afungue ukurasa mpya.

Somo lenyewe lilitokea katika mwaka wake wa pili wa kujifunza. Chuoni nilikuwa nafundisha mada ya nchi na maeneo yake ya ng'ambo, kwa sababu wanafunzi wanaokwenda huko lazima waweze kueleza wanakokwenda ni wapi na kunatawaliwa na nani. Nilikuwa na karatasi yenye maswali: jina la eneo, liko wapi, ni mali ya nani, nani anakaa, wakazi wana haki gani. Jumapili hiyo sikuwa nimeandaa kitu kingine. Nikambebea Mama karatasi ile ile.

Alikuwa anachambua chinsaga, mboga yetu ile chungu, kwa ajili ya jioni. Akauliza, "Kisiwa cha kaka yako ni cha nani?"

"Cha Uingereza."

"Basi mjukuu wangu ni wa Uingereza."

"Si hivyo hasa, Mama. Kisiwa ni cha Uingereza, lakini si sehemu ya Uingereza."

Mikono yake ikasimama juu ya mboga. "Ni chake, lakini si sehemu yake?"

"Ndiyo. Wana serikali yao ndogo, wana pesa zao na bendera yao. Lakini gavana anatumwa na mfalme, na mambo makubwa kama ya ulinzi yanaamuliwa London."

"Na huko London, watu wanapokaa kuamua, kisiwa kina mtu wake mle ndani?"

"Hakina. Wakazi hawapigi kura ya bunge lile."

Kisha akasema, polepole, kama mtu aliyepata hesabu sawa, "Kwa hiyo ni kama wewe hapa."

Nilijifanya sikuelewa. Akanieleza bila kuulizwa. "Una mlango wako na kufuli yako. Unapanda sukuma wiki yako. Lakini ndugu zako wakikaa sebuleni kuamua mambo ya boma hili, wewe unapika chai."

Hakulisema kwa ubaya, na hapo ndipo liliponiumiza zaidi. Mtu mwenye nia mbaya unaweza kumjibu. Nilimwambia turudi kwenye somo, nikampa kazi ya kufanya: achague eneo moja, ajibu maswali yote ya ile karatasi, aandike insha ya mistari minane kwa Kiingereza. Nikamtajia Gibraltar, Bermuda, Falkland, na hicho kisiwa cha kaka. Nikateremka nyumbani kwangu nikalia, kisha nikasahihisha madaftari ya chuo.

Jumapili iliyofuata alinipa insha. Aliandika kwa Kiingereza chake cha kuchechemea kwamba eneo lake liko chini ya migomba mpaka kijitoni. Kwamba ni mali yake, alilinunua mwenyewe. Kwamba anayekaa hapo ni binti yake, na binti huyo si mgeni. Kwamba eneo ni la binti huyo hata yeye akifa. Mstari wa mwisho ulisema mkazi wa eneo ana kura.

Leo nikiikumbuka najiuliza nilikuwa na macho ya aina gani. Nilisoma kila neno. Niliona vitenzi, nikaona herufi kubwa zilizokosekana. Nilidhani amechanganya, kwamba hajui tofauti ya eneo la nchi na shamba la nyumbani, kama ambavyo wanafunzi wangu wengi huchanganya. Nikapiga mstari mwekundu juu ya insha yote, nikaandika pembeni: nje ya mada, rudia.

"Mama, nilisema eneo la nchi."

"Nimesikia, Mwalimu."

Wiki ya pili akaleta shamba lile lile. Safari hii lilikuwa na mipaka: kutoka mkaratusi mkubwa hadi jiwe la kufulia nguo. Nikacheka kwa hasira ya kiualimu, nikarekebisha sentensi moja moja, maana niliona afadhali ajifunze japo kwa mada mbovu. Alipoandika kwamba binti si mgeni, nilikata nikaandika neno lililo bora zaidi la kumwita mtu asiye mgeni. Wiki ya tatu insha ikaja imenyooka kidogo. Nilipofika mstari wa mwisho, ule wa kura, nilikumbuka tulichosoma. Wakazi wa maeneo hawapigi kura ya bunge kuu. Hilo tulilirudia mara ngapi? Nikaukata mstari huo na ule wa eneo kuwa la binti, maana eneo ni la nchi inayolitawala, nikaandika kando kwa Kiingereza: si kweli.

Mama alilitazama neno hilo kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Nikiisoma hii mbele ya watu, wataelewa?"

"Watu gani?"

"Watu. Ndugu zako. Mzee wa kijiji."

Nilidhani anataka kujionyesha. Wazee wetu hupenda kusimama katika sherehe wakatupa sentensi mbili za Kiingereza, watu wakapiga makofi. Sikutaka achekwe. Hilo naweza kuliapia mbele ya Nyasae, Mungu wetu, kwamba sikutaka Mama yangu achekwe na mtu. Nikamwambia, "Bado, Mama. Tuinyooshe kwanza."

"Mpaka lini?"

"Kaka anakuja Desemba. Utaisoma mbele yake, na kwa Kiingereza kizuri."

Akakubali. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini nani humkumbusha mwalimu methali? Alifunga daftari akalitia chini ya kwapa, akaenda kumwaga maji ya mboga.

Haikufika Desemba. Ilikuwa Oktoba, siku ya kuchuma chai, asubuhi yenye jua baada ya mvua ya mawe ya jana yake. Mama alifika mwisho wa mstari, akatua kikapu, akakaa chini kando yake. Mke wa kaka alidhani anapumzika. Alipomsemesha, mdomo wa Mama ulikuwa umeenda upande. Tulimpeleka hospitali mjini, akalala siku tatu, mkono wa kulia umekufa na ulimi umekufa, macho yapo.

Siku ya pili kaka yangu wa nyumbani aliinama kitandani akamwuliza kwa Kigusii, "Mama, una neno?" Kwetu hilo ni swali zito. Neno la mzazi la mwisho halivukwi, hata liwe la kugawa kuku. Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unasugua shuka, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mimi nilidhani ana kiu. Nikamnyanyua kichwa nikamnywesha maji, yakamtoka kwenye pembe ya mdomo, nikampangusa. Akafumba macho.

Tulimzika upande wa kushoto wa nyumba yake, kama desturi ilivyo kwa wanawake. Kaka wa ng'ambo alitazama mazishi kwenye simu iliyoshikwa juu na mpwa wetu, kwa sababu ruhusa ya kusafiri ilikuwa bado. Katika ile karatasi ya wasifu wa marehemu, watoto wa kiume waliandikwa na wake zao. Mimi niliandikwa mwishoni, na mbele ya jina langu, pale ambapo mabinti huandikiwa walikoolewa, paliachwa nafasi. Mtu fulani alikuwa amehangaika aandike nini, akachoka.

Kaka akaja Desemba kama alivyosema, peke yake. Siku ya nne tukaambiwa kuna kikao. Waliokaa sebuleni kwa Mama ni ndugu zangu wawili na mzee wa kijiji, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi niliambiwa nipike chai. Nilipika. Nilikuwa nimeshasimama mbele ya sufuria ndipo maneno ya Mama yakanirudia, na nikajiona mjinga, mwanamke mzima mwenye cheti cha ualimu anachochea majani.

Nilihitaji kitambaa cha meza. Nikaenda kufungua sanduku la Mama chumbani, na chini ya kitambaa, kati ya kitabu cha nyimbo na yale makubaliano ya kununua shamba, nikakuta daftari lake. Nilifungua nikiwa nimesimama. Nikasoma insha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Safari hii sikuona vitenzi. Niliona Mama yangu anaandika wosia wake kwa lugha aliyoamini shamba linaisikia, anauleta kwangu wiki baada ya wiki, na mimi ninaukata kwa wino mwekundu. Nikakaa juu ya kitanda chake. Sebuleni nilimsikia kaka wa nyumbani akisema kipande cha chini kitamfaa mwanawe wa kwanza, anayekaribia kuoa. Kaka wa ng'ambo alikuwa anasema, kwa upole, kwa kuwa yeye ni mtu mpole, "Dada asisukumwe. Akae mpaka apate pa kwenda."

Niliingia na daftari badala ya chai. Nikaliweka mezani. Nikawaeleza yote kwa pumzi moja, kwa Kigusii: kwamba Mama alikuwa anatafuta kuwaambia, kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha.

Mzee wa kijiji akavuta miwani, akafungua. "Hii ya penseli ni ya nani?"

"Ya Mama."

"Na hii nyekundu?"

"Yangu."

Kaka wa nyumbani akainama kutazama. "Yako ni nyingi kuliko yake."

"Nilikuwa namsahihisha."

"Ulikuwa unamwandikia," akasema. Hakupaza sauti. Nadhani alitamani kuniamini, ila wavulana wake watatu na shamba la upana wa kitanda havikumruhusu.

Mzee akatikisa kichwa. "Binti yangu, kama mama yenu angetuita hapa siku moja akasema kwa Kigusii, japo sentensi moja, tungekuwa tumekunywa chai tukaenda zetu. Kiingereza cha nini?" Najua sheria ya nchi inanitambua sawa na ndugu zangu; nimewahi kuwaeleza hivyo wanawake wengine, kwa ujasiri. Lakini kwenda kortini ni kuwapeleka ndugu zangu wawili mbele ya hakimu kaburi la Mama likiwa bado lina udongo mwekundu mbichi, na siku hiyo sikuwa na moyo huo. Bado sina.

Basi mzee akaendelea kufunua kurasa, kwa mazoea ya mwalimu wa zamani, akapita orodha ya sukari na sabuni, akapita kurasa tupu. Mwisho kabisa wa daftari akasimama. "Hapa hakuna nyekundu," akasema.

Ilikuwa insha ile ile, kwa mara ya nne, imenakiliwa kwa kalamu ya wino wa bluu, mwandiko umenyooka kuliko nilivyowahi kuuona. Sikujua kwamba ipo. Alikuwa ameinakili ikiwa tayari kwa ajili ya Desemba. Mzee akaisoma polepole akiifasiri kwa Kigusii, na ndugu zangu wakanyamaza kumsikiliza Mama. Eneo langu liko chini ya migomba, kutoka mkaratusi hadi jiwe la kufulia. Ni mali yangu, nililinunua. Binti yangu anakaa hapo. Kaka wa ng'ambo alikuwa ameanza kupangusa macho.

Kisha mzee akafika mstari wa mwisho, akausoma mara mbili kimya kabla ya kuufasiri.

"Mkazi wa eneo hana kura."

Kaka wa nyumbani alitazama chini. Mzee akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema kwa huzuni ya kweli, "Basi hata yeye mwenyewe aliliona hivyo."

Nilitaka kumwambia kwamba si hivyo, kwamba yale hayakuwa maneno yake. Lakini mwandiko ulikuwa wake, na wino ulikuwa wake, na karatasi haikuwa na doa. Mama alikuwa mwanafunzi msikivu kuliko wote niliowahi kufundisha. Kosa nililomwonyesha mara moja hakulirudia.